Kifua cha Chapuchapu

Siku ya mazishi ya Chapuchapu, udongo wa kaburi haujakauka, baadhi ya waombolezaji walikuwa wameshapitisha neno kwamba ni kile kifua chake kimemrudia. Hakikumrudia. Kifua kilipona, dawa zote alizimaliza, akarudi kuinua makochi kama zamani. Kilichomchukua ni presha, asubuhi moja, akiwa anafunga viatu, na Mungu aliyemleta ndiye aliyeijua saa yake. Lakini maneno ya msibani hayana breki, na marehemu hawezi kuinuka akajibu. Basi ni heri habari ya kifua chake isimuliwe ilivyokuwa, pamoja na zile sehemu ambazo mwenyewe hakuzipenda, maana alimsimulia dada yake zote kwa mdomo wake, na hakuwahi kumwambia azifiche.

Jina la Chapuchapu alipewa na watu wa kazini, nalo likamkaa kuliko lile la wazazi. Alikula amesimama. Aliitikia amina kabla anayeongoza sala hajafika mwisho, na dada yake mkubwa, aliyempokea nyumbani kwake tangu alipofiwa na mkewe, alikuwa akimkanyaga mguu ili angoje wenzake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Alijaza misumari midogo mdomoni, akawa anaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi hadi kwenye midomo, anauchukua, nyundo inashuka. Kitambaa kinavutwa, kinakunjwa, kinapigiliwa, na mteja aliyekuja kuulizia tu kochi lake analikuta limeshaegeshwa ukutani.

Karakana walikuwa watatu. Mwenzake wa tangu ujana alikuwa mkata mbao na mpanga springi, mtu wa polepole mno, ndiyo maana akaitwa Kobe. Wa tatu alikuwa mshonaji wa foronya za makochi, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi, aliyeitwa Mama Mapacha kwa sababu alikuja kazini na watoto wake wote wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, wakiwa bado hawajaanza kutembea. Mmoja alilia kwa kila jambo, wakamwita Kelele; mwenzake wakamwita Kimya. Mchana walilala kwenye mabaki ya sponji chini ya meza ya Chapuchapu, maana hapo ndipo palipokuwa laini. Kelele akianza kulia, ni Chapuchapu aliyemnyanyua na kumzungusha karakana nzima huku akiendelea kutoa amri kwa pembe ya mdomo, na mama mtu akimwonya kwamba siku akimmezesha mtoto msumari atamshonea mdomo kwa uzi wa kochi.

Karakana hiyo ilikuwa na madirisha mawili makubwa, na yote mawili Chapuchapu aliyaziba. Ukikata sponji na kupasua sufi kuukuu, unga wake mwepesi huruka. Upepo ukiingia, unga huo unaganda kwenye vitambaa vipya, kwenye gundi mbichi, kwenye macho ya wateja. Alipigilia magunia, juu ya magunia akapigilia nailoni, akajisifu kwamba sasa hata mbu akitaka kuingia itabidi abishe hodi. Ndani pakawa kama jikoni, lakini vitambaa vikabaki safi, na wateja wakasifu.

Alipoanza kukohoa hakuna aliyeshtuka. Katika kazi ile kila mtu hukohoa. Wenyewe walikiita kikohozi cha sufi, na dawa yake ilikuwa maji ya moto na kuitukana sufi. Kobe alikohoa asubuhi, Mama Mapacha alipiga chafya kutwa. Tofauti ni kwamba vya wenzake vilikuja vikaondoka, cha Chapuchapu kilihamia kabisa. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia. Mkanda ukarudi nyuma tundu baada ya tundu mpaka akatoboa jipya kwa msumari wa kochi. Alikuwa akiamka shuka zimelowa kana kwamba kanyeshewa. Kobe akamtania kwamba hatimaye amekutana na kitu chenye mbio kuliko yeye. Chapuchapu akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na alipoitema misumari kiganjani, ilikuwa na damu. Akasema imemchoma ulimi.

Dada yake alipoiona damu kwenye foronya ya mto hakumuuliza kama angependa kwenda zahanati. Alimwambia avae.

Muuguzi wa pale, ambaye kila mtu alimwita Sista tu, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimpa Chapuchapu kikopo, akamwelekeza aende nje nyuma ya jengo, penye hewa, avute pumzi hadi mwisho, akohoe kutoka chini kabisa kifuani na ateme humo. Sasa Chapuchapu alikuwa amelelewa na mama ambaye kwake kutema mbele za watu kulikuwa karibu sawa na kutembea uchi. Akatafuta bomba, akasukutua, akatema mate meupe taratibu, akafunga kikopo na kukifuta kwa leso. Alirudi upesi, uso wa mtu aliyemaliza kazi.

Sista akakiinua kwenye mwanga. "Fundi, haya ni mate."

"Ndiyo."

"Mimi na mate yako hatuna ugomvi. Nataka makohozi."

"Niliona nilete kitu kisafi, Sista. Ni ofisi ya watu."

"Kitu kisafi kaa nacho nyumbani. Hapa tunapokea uchafu."

Dada yake alijitahidi asicheke, akashindwa. Sista akamweleza kwamba wengi hufanya hivyo hivyo kwa heshima zao, kipimo kinaonyesha hawana kitu, wanarudi nyumbani na ugonjwa wao umekunjwa vizuri mfukoni. Chapuchapu akarudi nyuma ya jengo, na safari hii alikohoa mpaka akashika ukuta.

Jibu lilipotoka, ilikuwa TB. Sista hakulipamba wala hakulitia chumvi. Alisema ni kifua kikuu, kinatibika, dawa ni za miezi mingi na hazirukwi hata siku ukijisikia mzima, na kwamba atakojoa rangi ya chungwa, asije akapiga mayowe. Majuma ya mwanzo akae nyumbani, madirisha wazi. Kisha akauliza swali ambalo Chapuchapu alikuja kusema lilimchoma kuliko jibu lenyewe. Aliuliza anaishi na nani, na anafanya kazi na nani.

Anaishi na dada yake, akajibu. Na kazi?

"Peke yangu. Nazunguka kwenye nyumba za watu."

Dada yake akageuka kumtazama. Chapuchapu akatazama viatu vyake. Kumwanika nduguye mbele ya mgeni dada hakuweza, na hilo baadaye alilibeba kwenye sala zake kwa muda mrefu. Lakini walipotoka tu getini alimshika mkono na kumuuliza ni uongo gani ule. Chapuchapu akasema yeye haelewi biashara. Nani atakalia kochi lililoshonwa na mwenye TB? Kobe atakula wapi, Mama Mapacha atalisha nini wale watoto? Na zaidi ya hayo, wao hawana hatari yoyote, maana kuanzia leo kikombe chake ni chake, sahani yake ni yake, na kopo la misumari alishaacha kulichangia. Alilisema hilo kama mtu aliyefunga mlango na kuweka komeo.

Kobe akaambiwa ni mgongo.

Kukaa nyumbani kulimtesa kuliko sindano. Alikaza bawaba ambazo hazikuwa zimelegea. Aliupanga uzio upya, akaubomoa, akaupanga. Akifika mlangoni anarudi, akirudi anafika mlangoni. Dada yake akamwambia, "Umeshatengeneza kila kitu humu ndani. Sasa umebaki kunitengeneza mimi." Kikombe chake alikitundika kwenye msumari pembeni, mbali na vingine, na siku alipomwona dada yake akikiosha kwenye beseni moja na vyombo vya wote, alimpokonya.

Sista alipita siku hiyohiyo kumwangalia, akawakuta wanavutana kikombe.

"Kikombe hakina kosa," akasema. Akajiketisha karibu na dirisha, ambako jua liliingia kama ubao ulionyooka, na ndani yake vumbi lilikuwa linaelea. Akamuuliza Chapuchapu kama analiona. Analiona. Akamwambia ugonjwa wake unasafiri hivyo, mdogo kuliko hilo vumbi, kila anapokohoa, anapocheka, hata anapoimba. Nje unatawanyika, jua linaumaliza. Lakini ndani ya chumba kilichozibwa haushuki chini ukatulia. Unaning'inia hewani, ukimngoja anayevuta pumzi. Na wanaovuta kwa shida zaidi ni wadogo.

Kama kuna mtu duniani ambaye hakuhitaji kuelezwa mara ya pili, ni Chapuchapu. Yeye ndiye aliyefungua karakana kila asubuhi. Alijua unga wa sufi uliokatwa jana bado unakuwa juu, unazunguka polepole, kama haujasikia kwamba watu walikwenda kulala. Aliuona sasa, na chini yake akaiona meza yake, na chini ya meza akayaona mabaki ya sponji na miguu minne midogo.

Sista alikuwa bado anaongea. "Ndiyo maana nilikuuliza habari za watu. Kila mgonjwa tunayempata tunamtolea taarifa. Si kwa ajili ya kumwanika. Ni ili tujue ugonjwa umetoka wapi na umeelekea wapi, tuuwahi. Wewe uliniambia umefika kwako ukaishia hapo hapo. Sijawahi kuona TB yenye adabu kiasi hicho."

Jioni dada yake alipoongoza sala, amina ya Chapuchapu haikusikika kabisa, na dada akafungua jicho moja kuona kama yupo.

Siku ile ile majuma ya kukaa ndani yalipokwisha na Sista akamruhusu kutoka, alikwenda karakana. Njia nzima alikuwa na maneno yake tayari. Alipoingia, hewa ya moto ikampokea usoni, Kobe akamwamkia kwa kumuuliza huo mgongo umeshona makochi mangapi, na Mama Mapacha bila kusimamisha cherehani akamwambia ajitazame, amekonda kama springi. Maneno yakamkimbia. Akainama chini ya meza. Kimya alikuwa anatafuna kipande cha kitambaa. Kelele alikuwa amelala chali, macho wazi, hasemi kitu.

"Wamebadilishana majina," mama yao akasema. "Huyo sasa hivi hana habari na mtu. Meno yanamsumbua, hata kula hataki. Na kikohozi hicho cha kwenu nyinyi."

Chapuchapu akanyanyuka. Badala ya kufungua mdomo, alishika nyundo, akaigeuza upande wa makucha, akaenda dirishani na kuanza kung'oa. Nailoni ikapasuka, gunia likaanguka, akahamia dirisha la pili. Upepo uliokuwa umenyimwa njia miaka yote ukaingia wote kwa pamoja. Unga wa sufi ukanyanyuka sakafuni kama kundi la ndege walioshtuliwa, ukamfunika Kobe kichwa, ukajipaka kwenye kochi jekundu lililokuwa limemalizwa asubuhi na gundi haijakauka.

Kobe alisimama pale, mweupe kama mkate. "Ulikwenda kutibiwa mgongo," akasema, "wakakutoa akili?"

Chapuchapu akasema daktari kamwambia vumbi ni baya. Ilikuwa kweli iliyokatwa katikati. Alifanya kazi kutwa bila kupumzika, akafuta kochi jekundu kwa kitambaa kibichi, na kila alipokohoa alikwenda nje. Akajiambia kwamba madirisha yako wazi sasa, jambo limekwisha. Aliporudi nyumbani, dada yake alimuuliza neno moja tu, kama amewaambia. Akasema ameng'oa magunia. Dada yake akasema, "Sikukuuliza habari za magunia, mdogo wangu," akaendelea kuchambua mchele.

Kesho yake asubuhi alikuwa zahanati kabla haijafunguliwa, anapima uwanja kwa hatua zake. Sista alipokuja alimwambia pale pale nje, funguo bado ziko mkononi mwake: kwamba alisema uongo, kwamba wako watatu, na watoto wawili, na chumba kilikuwa kimezibwa, na aliyekiziba ni yeye. Sista hakumgombeza. Alisema atakwenda, wote wapimwe, na jina lake halitatajwa. Hiyo ni siri ya mgonjwa na mtoa dawa. Chapuchapu akashukuru mara nyingi kupita kiasi. Aliona Mungu amemfungulia mlango wa nyuma.

Mlango huo ulimwangukia. Sista alikwenda karakana akawaeleza kwa upole kwamba kuna mtu wa karibu yao aliyeugua kifua, waje wapimwe, watoto kwanza. Alipoondoka, Mama Mapacha alimgeukia Kobe. Kobe ndiye aliyekohoa kila asubuhi, tena mbele ya Sista alikohoa. Akasema kama ni Kobe, basi akapimwe Kobe. Yeye ana foronya za kumaliza, na hawezi kupanga foleni kutwa na watoto wawili kwa ajili ya kikohozi cha mtu mwingine, watoto wenyewe wanaota meno. Akaburuta cherehani yake mpaka kona ya mbali. Akawahamisha na watoto kutoka upande wa meza uliokuwa jirani na Kobe, akawalaza upande wa pili, pembeni ya Chapuchapu.

Kobe alijaribu kufanya mzaha. Alisema hata ugonjwa ukimfuata yeye, utamngoja mpaka uchoke uende zake. Hakuna aliyecheka. Saa ya kula alichukua chakula chake akaenda kukaa nje juu ya mbao, mgongo kwa mlango, na yeye kwa desturi yake alikula polepole, ikawa kama hatamaliza.

Chapuchapu alimtazama mgongo ule. Akamtazama Kelele, aliyewekwa karibu na miguu yake kwa usalama. Alikuja kumwambia dada yake kwamba hapo alijiona ameombwa ulinzi na watu anaowaibia. Misumari ilikuwa mdomoni. Akaitema yote kwenye kiganja, akaenda mpaka kwenye cherehani, akaiweka juu ya kitambaa alichokuwa anakishona Mama Mapacha, ili asiweze kuendelea.

"Si Kobe," akasema. "Ni mimi. Ninayo TB. Haukuwa mgongo."

Mama Mapacha alitazama misumari, akamtazama yeye.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijakaa nyumbani. Nilijua, nikanyamaza. Nilidhani ni mambo ya vikombe."

"Ulikuwa unambeba," akasema. Sauti yake haikupanda. "Kila siku ulikuwa unambeba, mdomo wako hapa, uso wake hapa. Na mimi nakuambia habari za misumari."

Hakungoja jibu. Alikata uzi, akafunga mmoja mgongoni, akamkumbatia mwingine kifuani, akatoka. Mlangoni alimpita Kobe, akasita, akamgusa bega, akaenda zake. Kobe aliingia polepole. Alikuwa amesikia yote. Akamwambia mwenzake kwamba angemrushia randa kichwani, ila mpaka aifikie, hasira itakuwa imeshapoa, kisha akasema, "Vaa shati tukapimwe. Mimi nikapimwe, wewe ukasimame kule uone."

Zahanati Chapuchapu hakuweza kuingia ndani. Alizunguka jengo. Aliomba, lakini kila alipoanza maombi miguu ilimpeleka mbele kabla maneno hayajafika, mpaka akaacha maneno, akabaki na jina la Mungu tupu. Kobe alitoka kwanza, akasema kikopo amekijaza vizuri hadi Sista amempongeza, na kwamba cha kwake kinaonekana ni kikohozi cha sufi tu, ingawa majibu watampa. Watoto walirudishwa mara kadhaa, siku hiyo na zilizofuata. Walipimwa uzito, wakapigwa picha za kifua, wakachomwa kisindano mkononi, pakaangaliwa kama pamevimba. Kila mara mama yao alipita mbele ya Chapuchapu kama anapita mbele ya nguzo. Kila mara Chapuchapu alikuwepo.

Siku ya majibu alimwona akitoka na Kelele mikononi, Kimya mgongoni. Safari hii alisimama mbele yake.

"Huyu anayo," akasema. "Kimya hana, lakini naye atameza ya kumkinga. Sista anasema tumewahi. Anasema tungechelewa kidogo angekuwa anaongea vingine."

Chapuchapu akafungua mdomo.

"Usiniombe msamaha," akasema Mama Mapacha. "Leo sina. Labda siku nyingine ninayo, labda sina, sijui." Akamsogeza Kelele mbele. "Shika huyu, nirudi dirishani nikachukue dawa. Mikono haitoshi."

"Mimi?"

"Nimemuuliza Sista. Kasema umeshameza za kutosha, huambukizi tena. Shika, foleni itanipita."

Akampokea. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyomkumbuka, na moto. Mama yake alishaondoka, anasukumana dirishani, anamwambia mtu kwamba yeye alikuwa hapa tangu asubuhi. Kelele akamtazama Chapuchapu, akakunja uso, na baada ya majuma mengi ya ububu akalia, kilio chembamba kisicho na nguvu lakini cha kweli, mpaka watu kwenye mabenchi wakageuka. Chapuchapu akamweka begani na kuanza kutembea naye, kutoka ukuta hadi geti, kutoka geti hadi ukuta, kwenye hewa na jua, akigeuza uso wake mwenyewe pembeni ingawa ameambiwa hakuna haja, akimwambia alie tu, alie zaidi, mama anakuja.